Uzito umegoma kushuka japo nahesabu chakula na nafanya mazoezi: tatizo liko wapi?

Zuhura_M

Wadau habari zenu. Naomba msaada kwa wenye ujuzi wa lishe na mazoezi.

Ni mwanamke wa miaka 34, urefu sentimita 162. Nilianza na kilo 86, nikashuka vizuri mpaka 79, na hapo pamekwama. Ni zaidi ya mwezi sasa mizani inacheza kati ya 79 na 80, siku nyingine inasoma 80 na nusu.

Chakula nakiandika kwenye programu ya simu, wastani kalori 1,300 kwa siku. Napima kwa vijiko, vikombe na kukadiria kwa macho. Mafuta ya kupikia naandika kijiko kimoja cha chakula kwa kila mlo, milo miwili kwa siku. Jumamosi na Jumapili siandiki, nakula kawaida ila najitahidi nisizidishe. Jioni natafuna karanga kidogo, hizo siziandiki. Mazoezi ni kutembea haraka dakika 45 siku tano za wiki, na siku mbili baiskeli ya mazoezi. Saa ya mkononi inasema kila nikitembea nachoma kalori 500. Vyuma sinyanyui. Najipima kila Jumatatu asubuhi. Usingizi ni kama saa 5 na nusu kwa usiku. Sukari nilishapima, iko sawa.

Je, mwili umeshaingia kwenye "hali ya njaa" ukakataa kuachia mafuta? Nishuke mpaka kalori 1,000? Niongeze mazoezi? Wengine wananiambia ni homoni.

LisheNaMizani

Pole dada Zuhura, na asante kwa kuweka namba wazi, maana wengi huandika "nakula kidogo tu" halafu tunabaki kubahatisha. Habari ya kushuka mpaka 1,000 iweke kando kwanza. Tupige hesabu, ndiyo itakayotuonyesha tatizo liko upande gani.

Kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990 kwa mwanamke iko hivi: uzito kwa kilo mara 10, jumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161. Kwako ni 790 + 1,012 − 170 − 161, jumla 1,471. Hizo ni kalori ambazo mwili unatumia hata ukishinda kitandani. Zidisha kwa 1.4, kipimo cha mtu anayekaa sehemu kubwa ya siku lakini anatembea kama wewe, unapata karibu 2,060. Kanuni yenyewe inaweza kukosea kwa asilimia 10 au zaidi, kwa hiyo ichukue kama pa kuanzia tu.

Ulipokuwa na kilo 86 hesabu hiyo hiyo ilikuwa inatoa karibu 2,160. Maana yake kalori 100 za kila siku zimeondoka bila wewe kubadili chochote, kwa sababu mwili mwepesi unatumia kidogo. Na kwa kawaida matumizi hushuka zaidi ya hapo, kwani mtu anayekula pungufu hujikuta anakaa zaidi, anainuka mara chache, anatuma watoto kitu ambacho zamani angekifuata mwenyewe. Hayo hayaonekani, ila yanajumlishika.

Sasa njoo kwenye 1,300. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700. Kama kweli ungekuwa unakula 1,300 siku zote saba, upungufu ungekuwa 760 kwa siku, kalori 5,320 kwa wiki, sawa na kilo 0.7. Ndani ya mwezi mmoja zingeshaondoka karibu kilo 3. Maji yanayobaki mwilini yanaweza kuficha kilo moja, pengine mbili. Kilo 3 ni vigumu sana. Kwa hiyo chakula kinachoingia ni kingi kuliko kinachoandikwa, na juu yake kuna maji yanayochafua usomaji wa mizani.

Tafadhali usisome hapo kwamba nakuita mwongo. Mwaka 1992 Steven Lichtman na wenzake huko New York walichunguza watu waliokuwa wanasema wanakula chini ya kalori 1,200 na bado hawapungui. Walipopimwa kwa vifaa vya maabara, mwili ulikuwa unachoma nishati kama kawaida. Ila chakula walikuwa wameripoti pungufu kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi wameyaripoti zaidi kwa asilimia 51. Jicho halijui gramu, hata la mtu mwaminifu.

Tutafute panapovuja kwenye maelezo yako mwenyewe.

Mafuta. Kijiko cha chakula kilichopimwa sawasawa ni gramu 14 hivi, kalori 125. Ukimimina kutoka kwenye chupa "kama kijiko kimoja", gramu 28 zinatoka kirahisi. Milo miwili kwa siku, tayari kuna kalori 250 ambazo programu haizijui. Karanga za jioni ambazo huziandiki, gramu 20 tu ambazo hazijazi hata kiganja, ni kalori 115. Jumla 365, na hapo bado hujaongeza chakula hata sahani moja.

Mwisho wa wiki. Siku tano za 1,300 ni 6,500. Tuseme Jumamosi na Jumapili zinafika 2,800 kila moja, na hiyo wala si karamu: ni kifungua kinywa, milo miwili ya kuongeza, soda mbili na kitu cha kutafuna. Hapo kuna 5,600. Jumla ya wiki 12,100, wastani 1,729 kwa siku. Ongeza zile 365, unafika 2,094. Matumizi yako tuliyakadiria 2,060. Unaona mizani kwa nini imesimama? Unakula sawasawa na unachotumia, na siku tano kati ya saba unashinda na njaa kwa jambo ambalo siku mbili zinalifuta.

Cha kufanya kwa wiki mbili za kwanza: usipunguze chakula hata kidogo. Kula unavyokula sasa, lakini pima kila kitu kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, siku zote saba. Mafuta usipime kwa kijiko. Weka chupa ya mafuta juu ya mizani, bonyeza sifuri, mimina kwenye sufuria, rudisha chupa. Namba hasi inayoonekana ndiyo gramu ulizotumia. Zidisha kwa 9.

Chakula cha sufuria moja kinachowashinda wengi kinapimwa hivi. Pima sufuria tupu, andika uzito wake mahali pa kudumu. Pima kila kiungo kikiwa kibichi kabla hakijaingia: nyama, nafaka, kitunguu, mafuta. Jumlisha kalori zote. Chakula kikiiva, pima sufuria nzima, toa uzito wa sufuria tupu. Tuseme kalori zote ni 2,400 na chakula kilichoiva kina gramu 1,600: kila gramu ni kalori 1.5. Ukijipakulia gramu 350, umekula 525. Familia nayo inakula kwenye sufuria hiyo hiyo bila usumbufu.

Angalia sana kosa la kikavu na kilichoiva. Mchele mkavu gramu 100 una kalori 360 hivi. Wali gramu 100 una 130, kwa sababu sehemu kubwa ni maji. Ukipima mchele mkavu halafu ukachagua "wali" kwenye programu, umeandika 130 badala ya 360. Nyama ni kinyume chake: ikiiva hupoteza karibu robo ya uzito, kwa hiyo gramu 100 za nyama iliyoiva zilikuwa kama 130 ikiwa mbichi. Chagua hali moja, kikavu na kibichi ndiyo bora, ubaki nayo. Na vinywaji viandike vyote: soda ya mililita 330 ni kalori 140 hivi, juisi hata ya matunda matupu ni 110 kwa glasi ya mililita 250, maziwa yasiyopunguzwa mafuta kiasi hicho hicho ni 150. Sukari kijiko cha chai kilichokatwa juu ni gramu 4, kilichorundikwa hufika 7.

Baada ya wiki mbili utakuwa na wastani wako wa kweli. Hapo ndipo ulenge 1,600, siku zote saba, zikiwemo Jumamosi na Jumapili. Ukitaka kupumua mwisho wa wiki, kula 1,500 siku za kazi na 1,850 siku mbili za mapumziko. Wastani unabaki 1,600. Upungufu wa 460 kwa siku unatoa kilo 0.4 kwa wiki. Najua inaonekana kidogo. Ila ni 0.4 inayotokea, na 1,300 ya kwenye simu haikukupa kitu.

Protini iwe gramu 95 hadi 125 kwa siku, yaani 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo yako. Inashibisha kuliko wanga na mafuta, inalinda misuli, na mwili unatumia asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake katika kuisaga na kuitumia. Yai moja lina gramu 6, kifua cha kuku kilichoiva gramu 100 kina 31, samaki 22 hivi, maharage yaliyoiva gramu 100 yana 8 au 9. Ukigawa gramu 30 kwa kila mlo na kitu kidogo katikati, umefika. Mboga na matunda mpaka nyuzinyuzi zifike gramu 25 kwa siku. Ongeza polepole na maji juu yake, la sivyo tumbo litajaa gesi.

KochaSalim

Mheshimiwa hapo juu kamaliza upande wa chakula, mimi niingie kwenye mazoezi.

Kwanza hiyo 500 ya saa ya mkononi ifute akilini. Dakika 45 kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa ni kilomita 4.5. Kutembea tambarare kunagharimu, juu ya kile ambacho ungetumia umekaa, karibu nusu kalori kwa kila kilo kwa kila kilomita, au zaidi kidogo. Kwa kilo 79 hiyo ni kalori 180 hadi 210. Saa nyingi hujumlisha na zile ambazo ungechoma ukiwa kwenye kochi, halafu zinakosea hata hiyo jumla. Ingia kwenye mipangilio ya programu ya chakula, zima kipengele kinachokurudishia kalori za mazoezi. Kikiwa wazi, kila ukitembea kinakuambia una 500 za kula zaidi, na ukizila umeingia hasara ya 300.

Usiongeze kutembea kwa sasa, ongeza nguvu. Mtu akipungua bila kunyanyua kitu, sehemu ya kilo zinazoondoka ni misuli. Siku mbili za baiskeli zigeuze ziwe za nguvu, na ukiweza ya tatu, zisifuatane. Hata nyumbani:

– Kuchuchumaa na kuinuka kutoka kwenye kiti, umekumbatia begi lenye uzito. Goti lifuate vidole vya mguu, lisiangukie ndani.
– Pushapu mikono ikiwa juu ya meza imara. Zikiwa rahisi, hamia kwenye kiti kifupi, kisha sakafuni.
– Kuvuta begi kutoka chini hadi ubavuni, mkono mmoja umeegemea kiti. Kiwiko kirudi nyuma, bega lisipande sikioni.
– Kuinama kwa nyonga: begi mikononi, magoti yamekunjwa kidogo, rudisha makalio nyuma mpaka uhisi nyuma ya mapaja inavutika, kisha simama. Mgongo ukianza kupinda, umeshuka kupita uwezo wako. Ishia juu ya hapo.
– Kulala chali na kuinua nyonga, sekunde 2 juu kila mara.

Raundi 3 za mara 8 hadi 12 kwa kila zoezi, pumziko dakika moja na nusu mpaka mbili. Uzito uwe ule ambao ukimaliza raundi unahisi ungeweza mbili tatu zaidi, si kumi zaidi. Siku utakayofikisha 12 kwenye raundi zote tatu, ongeza kilo 1 au 2 kwenye begi na urudi kwenye 8. Wengi wanakosea hapa: miezi inapita na begi ni lile lile, mwili umeshalizoea, hauna sababu ya kubaki na misuli zaidi.

Onyo moja muhimu. Wiki mbili hadi nne za mwanzo mizani inaweza kupanda kilo moja. Misuli isiyozoea ikichoka huvuta maji kujitengeneza. Watu huacha papo hapo wakidhani vyuma vinawanenepesha, na ndio wakati ambao nguo zinaanza kulegea.

Halafu hesabu hatua za siku nzima, za kawaida, nje ya mazoezi. Ukishinda umekaa saa 10 baada ya kutembea dakika 45, ile 200 imeliwa na kukaa. Angalia wastani wako wa sasa, ongeza 2,000 juu yake, ukae hapo mwezi.

Zuhura_M

Nawashukuru sana, nimeandika yote. Je, na kujipima Jumatatu nako kuna tatizo? Maana mwisho wa wiki ndio nakula chumvi na wanga zaidi. Nijipimeje basi? Na lile la hali ya njaa na homoni bado lanitia wasiwasi. Kuna chai ya kupunguza tumbo nimeletewa pia, sijaifungua.

LisheNaMizani

Jumatatu ndiyo siku mbaya kuliko zote kwako, ndiyo. Ini na misuli huhifadhi wanga, kwa mtu mzima huweza kufika nusu kilo ukijumlisha, na kila gramu moja hukaa na gramu 3 hivi za maji. Siku mbili za wanga mwingi na chumvi zinapandisha kilo moja na nusu bila gramu hata moja ya mafuta mapya. Ukijipima siku hiyo tu kila wiki, unapima Jumapili yako.

Jipime kila siku, asubuhi, baada ya kutoka msalani, kabla ya kula wala kunywa, nguo zile zile au bila nguo. Mizani iwe kwenye sakafu ngumu, kona moja isiyobadilika; zulia hupotosha. Namba ya siku moja usiifanyie uamuzi wowote. Jumlisha siku saba, gawanya kwa saba, linganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki. Kama kujipima kila siku kunakuumiza moyo, mpe mtu wa nyumbani asome na kuandika, wewe uone wastani tu.

Kwa mwanamke anayepata hedhi kuna jambo moja zaidi. Siku chache kabla ya damu maji hujaa, kwa wengine kilo 1 hadi 2, kisha huondoka. Linganisha wiki ya kwanza ya mzunguko huu na wiki ya kwanza ya mzunguko uliopita. Wiki ya nne usiilinganishe na ya pili, utajitesa bure.

Ongeza utepe wa kupimia kiuno mara moja kwa wiki. Tafuta mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga ubavuni, weka utepe katikati yake, ulale sawa kuzunguka mwili mzima, toa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani, soma. Pima mara mbili. Zikitofautiana zaidi ya sentimita 1, rudia. Kiuno kikishuka na mizani imesimama, endelea hivyo hivyo, usiguse chakula.

Ukishaanza 1,600, subiri mzunguko mzima wa hedhi kabla ya kuamua. Wastani na kiuno vyote vikiwa havijasogea, na umepima kweli kweli, toa 150 au ongeza hatua 2,000. Kimoja kati ya hivyo viwili, usifanye vyote, la sivyo hutajua kipi kimesaidia.

Tabibu_R

Zuhura mdogo wangu, nianze na hali ya njaa. Mwili unaopewa chakula kidogo hupunguza matumizi, hilo ni kweli, lakini haufiki mahali ukaacha kabisa kuchoma mafuta. Mwaka 1944 na 1945 Ancel Keys, Chuo Kikuu cha Minnesota, aliwalisha wanaume 36 chakula pungufu kwa miezi 6. Matumizi yao ya nishati yalishuka sana, walikuwa dhaifu, na bado walipoteza karibu robo ya uzito wao. Miguu ilivimba maji pia, na uvimbe huo ulificha sehemu ya kilo zilizoondoka. Ndiyo maana nakuunga mkono usiende 1,000: kupungua kwa kasi, hasa zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, huongeza hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo, misuli huliwa, hedhi inaweza kukatika, na njaa yake ndiyo inayolipuka Jumamosi.

Homoni. Zinahusika kwa baadhi ya watu na zina dalili zake, kwa hiyo tuziangalie dalili.

Tezi ya thairoidi ikifanya kazi chini ya kiwango, mtu huhisi baridi wengine wakiwa sawa, choo kigumu, ngozi kavu, uchovu, nywele kukatika, hedhi nzito. Kipimo ni cha damu, kinaitwa TSH. Maabara nyingi huhesabu 0.4 hadi 4.0 kuwa kawaida. Lakini uzito unaoletwa na tezi kwa kawaida ni kilo chache, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Wewe umeshuka kilo 7 kisha ukasimama, tezi haiko juu kwenye orodha yangu. Kupima si vibaya ukiwa na dalili hizo.

PCOS, yaani tatizo la homoni linalohusisha ovari: hedhi inayochelewa zaidi ya siku 35 au kuruka miezi, nywele kidevuni na kifuani, chunusi zisizoisha. Viwango vya Rotterdam vya 2003 vinataka mambo mawili kati ya matatu: yai kutopevuka kwa utaratibu, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuwa juu, na ovari zenye vifuko vingi kwenye altrasaundi. Mwenye PCOS hupungua kwa njia hii hii mnayoelezwa, na hata asilimia 5 ya uzito huweza kurudisha hedhi.

Michirizi mipana ya zambarau tumboni, michubuko bila sababu, mapaja kukosa nguvu ya kuinuka kwenye kiti, uso kujaa: hiyo ni kotisoli (homoni ya msongo) nyingi, ugonjwa adimu, lakini mwenye dalili hizo asikae nyumbani anahesabu kalori. Vivyo hivyo miguu kuvimba, pumzi kukata ukilala chali, au kilo 2 kupanda ndani ya siku mbili tatu na kubaki. Hayo ni ya moyo, figo au ini mpaka ithibitike vinginevyo.

Usingizi wako wa saa 5 na nusu unanisumbua kuliko homoni zote hizo. Utafiti wa Chicago wa 2022 uliwachukua watu wenye uzito uliozidi waliokuwa wanalala chini ya saa 6 na nusu, wakasaidiwa kuongeza saa moja na kidogo. Bila kuambiwa wapunguze chakula, walikula pungufu kwa kalori 270 hivi kwa siku. Anza kwa kulala dakika 30 mapema wiki hii, nyingine 30 wiki ijayo. Ukikoroma sana na kuamka na kichwa kizito, au kuna anayekusikia ukikata pumzi usingizini, pimwa.

Chai usiifungue. Nyingi zina senna, inayoharisha. Kinachotoka ni maji na kinyesi, mafuta yako pale pale, na potasiamu ikishuka moyo hupoteza mapigo. Bidhaa nyingine za "mitishamba" zimekutwa na sibutramine, dawa ya kupunguza uzito iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kibandiko hakikuambii.

Kwa urefu wako, kilo 79 ni BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 30.1. Kilo 7 ulizoshusha ni asilimia 8 ya uzito wa mwanzo, kiasi ambacho tayari kinashusha presha na sukari kwa wengi. Ukifuata haya yote kwa miezi sita kwa vipimo sahihi na ukabaki hapo, dawa kama semaglutide zipo kwa BMI ya 30 na zaidi, au 27 yenye ugonjwa unaoambatana. Zinaandikwa na daktari, na zikiachwa uzito mwingi hurudi, kwa hiyo si njia ya mkato ya miezi miwili.

Juma_K

Naomba kuuliza ndani ya mada. Kwa mwanaume hesabu ni ile ile? Na mimi natumia prednisolone na amitriptyline, je hizo zinachangia?

LisheNaMizani

Kaka Juma, kanuni ni ile ile, ila mwisho badala ya kutoa 161 unajumlisha 5. Upimaji wa mafuta na sufuria haubadiliki. Ukinywa pombe iandike pia: kila gramu ya pombe ni kalori 7, na chupa ya bia ya nusu lita ni 200 au zaidi.

Tabibu_R

Ndugu Juma, zote mbili zinachangia. Prednisolone huongeza njaa, hushikilia maji na hupeleka mafuta tumboni na usoni. Amitriptyline huongeza hamu ya kula, hasa vitu vitamu. Wengine wanaosoma hapa waangalie pia: insulini na glibenclamide za kisukari, olanzapine, clozapine, risperidone na quetiapine za magonjwa ya akili, valproate ya kifafa, gabapentin na pregabalin za maumivu ya neva, mirtazapine ya sonona, atenolol na propranolol za presha, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na dolutegravir kwa wanaotumia ARV. Cyproheptadine hata huuzwa kama dawa ya kuongeza hamu ya kula.

Hakuna hata moja ya kuacha kwa uamuzi wako. Prednisolone uliyoitumia zaidi ya wiki tatu ukiikata ghafla, tezi za juu ya figo zinaweza kushindwa kutoa kotisoli yake, presha ikaanguka ukapoteza fahamu. Valproate ikikatwa, kifafa kinaweza kurudi. Andika jina la dawa, dozi, tarehe uliyoanza na uzito wako wa siku hiyo, ukitia na wastani wa wiki nne za karibuni, nenda nayo kwa aliyekuandikia. Muulize mambo mawili: kama dozi inaweza kupunguzwa hatua kwa hatua, na kama kuna dawa nyingine ya ugonjwa huo huo isiyoongeza uzito. Kwa amitriptyline mara nyingi ipo. Kwa prednisolone inategemea unatibiwa nini, na wakati mwingine jibu ni dawa ya kuvuta badala ya kidonge.